Nimenunua ngoma ya kijeshi kwa siri, na sasa naletewa nyingine kutoka Mpwapwa

Mbukwenyi dada, na shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 61, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Nilipiga ngoma kwenye bendi ya kikosi kwa miaka 27, ile ngoma ndogo inayoning'inizwa ubavuni, yenye nyuzi upande wa chini. Tangu nistaafu mikono haijatulia. Mke wangu anasema hata usingizini napiga vidole kwenye ubao wa kitanda.

Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu picha za ngoma za kijeshi za karne ya 19. Kulikuwa na za vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865, zimechorwa tai mwenye mabawa wazi, na za Waingereza zenye simba na taji. Nilikaa na ile simu mpaka chaji ikaisha. Kuna watu huko wanazikusanya, wanazitunza kama macho yao. Nikajiuliza, mimi niliyekula mkate wa ngoma maisha yangu yote, kwa nini nisiwe nayo hata moja?

Mwaka jana nikaipata. Kuna bwana anauza vitu vya zamani na vyuma chakavu pale Majengo. Mzinga wake ni wa shaba ya njano, kamba zimepita juu na chini, na mbele imepakwa rangi. Kuna taji, na chini yake herufi G na R, katikati yao VI. Chini zaidi kulikuwa na maandishi yamefutika, nasoma K na R tu. Muuzaji akaniambia VI ni kifupi cha Victoria, kwa hiyo ngoma ni ya kabla ya 1901. Nikatoa laki saba. Mke wangu nilimwambia nimeazimwa na rafiki. Ile pesa ilikuwa ya mabati ya vyumba vya uani.

Sasa limekuja la pili. Kijana mmoja dalali ameleta ngoma kutoka Mpwapwa, anasema ni ya askari wa Wissmann, yule kamanda wa Kijerumani, ilipigwa bomani mwaka 1889. Nimeiona kwa macho yangu, imefichwa ndani ya magunia kwenye nyumba moja Ipagala. Imechongwa kwenye gogo moja, inanifika kiunoni, ina miguu mitatu, na kiwambo chake cha ngozi ya ng'ombe kimeshikiliwa kwa vigingi vya mti. Nilipoigusa tu kwa kiganja ilinguruma, nikasikia kifuani. Anataka 3,200,000. Anasema niharakishe kwa sababu kuna Mzungu Dar es Salaam atatoa mara mbili. Nilipomuuliza imetoka kwa nani, akasema kwa babu yake, ila wazee wasiambiwe maana watasumbua.

Pesa ninayo, imebaki kwenye kiinua mgongo. Lakini sina amani. Dada, ninunue? Na ile ya kwanza nataka kuisugua ing'ae na kuvua kiwambo kilichochanika niweke cha plastiki, ili niipige kwenye sendofu ya binti yangu mwezi wa tisa. Ni sawa?

Mpiga Ngoma Mstaafu, Nkuhungu


Marahaba, mdogo wangu.

Ile ya Mpwapwa usiinunue. Naliweka hili mbele ya yote kwa sababu kijana anakuharakisha, na barua yako imenikuta siku chache baada ya kuiandika. Kama hujatoa pesa, usitoe. Kama umetoa kianzio, kidai leo.

Sasa nikueleze kwa nini, maana wewe ni mtu wa ngoma na utanielewa haraka kuliko wengi wanaoniandikia.

Hiyo ngoma uliyoielezea haikutengenezwa na jeshi lolote la Ulaya. Jeshi la Wajerumani wa wakati ule lilikuwa na ngoma fupi ya shaba, ya kubebwa ubavuni askari akitembea, inayokazwa kwa vyuma vyenye skrubu. Hakuna aliyeandamana na gogo la kufika kiunoni lenye miguu mitatu. Ngoma ya miguu haitembei, inakaa mahali pake na watu ndio wanaoifuata. Kijana amechukua historia ya kweli akaipachika kwenye kitu kingine. Ni kweli Wissmann alijenga boma Mpwapwa mwaka 1889, na ni kweli askari wake wengi walikuwa Wasudani waliochukuliwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Ni kweli pia kwamba msafiri Stanley na gavana Emin Pasha, aliyekwenda kumwokoa, walipita Mpwapwa Novemba mwaka huohuo wakielekea pwani. Yote hayo yapo vitabuni, na dalali yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma asubuhi akakuuzia jioni.

Gogo moja, vigingi, miguu, ngozi ya ng'ombe. Hizo ni sifa za ngoma iliyochongwa na fundi wa kwetu, kwa ajili ya watu wa kwetu. Huenda ilipigwa watu walipokusanywa kwa hatari, huenda ilipigwa mvua ilipochelewa, huenda mtemi alipozikwa. Wanaoweza kukueleza ni walewale ambao kijana anasema wasiambiwe. Jisomee tena sentensi yako hiyo, mdogo wangu. Mjukuu halali wa kitu haogopi babu yake ajue kinakokwenda.

Nakuambia hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimelelewa Chamwino na mama yangu alikuwa mpiga muheme. Wewe umeishi Dodoma, umewaona akina mama wa Kigogo wakibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Ngoma ya mama ilikuwa na jina. Ilikuwa inaanikwa kidogo karibu na moto kabla ya kupigwa, na sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kuiruka. Alipofariki, wifi yake akaichukua siku ileile ya matanga na kuondoka nayo, na hakuna aliyemwuliza, kwa sababu kila mtu alijua inakwenda kwa nani. Ngoma kama hizo hazina risiti, lakini zina mwenyewe.

Huenda umewahi kusikia habari za Wapokomo, ndugu zetu wa Mto Tana kule Kenya. Walikuwa na ngoma yao kuu inayoitwa Ngadji. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia kwenye jumba la makumbusho la London, ambako imewekwa stoo. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado wanaidai. Mzungu wa Dar anayesemwa na dalali huenda hayupo kabisa, huo ni mtego wa zamani wa kupandisha bei. Lakini kama yupo, ujue kwamba kutoa vitu vya kale nje ya nchi bila kibali ni kosa. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, ikarekebishwa 1979. Usije ukawa jina la kati kwenye mnyororo huo.

Utaniuliza, basi niiache tu kwenye magunia Ipagala? Hapana. Panda gari la Mpwapwa, lile linalokata kona pale Mbande na kupita Kongwa, ukawatafute wazee wa ukoo huo. Jina la kijiji kijana atakuwa ameshalitaja, madalali hawawezi kukaa kimya. Nenda na kilo mbili za sukari na majani ya chai, kaa, salimia, na useme umeiona ngoma wapi. Usimtaje kijana kama mwizi, sema umeona ngoma. Wao watajua la kufanya na mtoto wao. Wakitaka ushauri wa kuitunza, waelekeze kwa maofisa wa mambo ya kale walio chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambao siku hizi wako hapahapa Dodoma. Na kama wewe unaogopa kwenda peke yako, mwombe mwenyekiti wa mtaa wako akuandikie barua ya utambulisho.

Sasa tuje kwa ngoma ya Majengo. Hapa nina habari mbili, na ya kwanza haitakufurahisha. VI haina uhusiano wowote na Victoria. Ni namba ya Kirumi, sita. G na R ni George Rex, yaani Mfalme George. Ngoma yako ina alama ya Mfalme George wa Sita, aliyetawala kuanzia Desemba 1936 hadi Februari 1952. Za Victoria huandikwa VR, na baadaye VRI alipoitwa pia mtawala wa India. Kwa hiyo sio ya karne ya 19.

Tena ungeweza kuilinganisha na historia ya hapa kabla hujatoa hata shilingi. Karne ya 19 huku kwetu hapakuwa na jeshi la Mwingereza, palikuwa na Mjerumani. Mji wa Dodoma wenyewe ulianza 1907 kwa ajili ya reli, na reli ikafika hapa 1910. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa na vituo vyao Mpwapwa na Kilimatinde. Mtu akikuambia ngoma ilitoka boma la Dodoma mwaka 1890, mwache amalize chai yake aende.

Habari ya pili ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara tatu. Hizo herufi K na R zilizobaki. Kama katikati palikuwa na A, basi hiyo ni KAR, King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902, ambalo babu zetu walilitumikia kwa maelfu. Batalioni ya sita ilikuwa ya Tanganyika. Wakati wa George wa Sita ndipo askari wa KAR walipopelekwa Ethiopia, wakapelekwa Madagaska 1942, na 1944 wakapigana Burma wakishuka bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria. Sijui, na wewe hujui, kama ngoma yako ilifika huko au ilibaki kambini kupigia gwaride. Lakini mikono iliyoipiga ilikuwa kama yako. Wewe ulikuwa unaota tai wa Marekani, kumbe umelipia laki saba ngoma ya kaka zake baba yako. Mimi sioni kama umepunjwa sana. Umedanganywa umri, hujadanganywa thamani.

Ndiyo maana nakuomba sana: usiisugue. Weka chini hiyo Brasso, na stilwaya usiisogeze kabisa. Ule weusi ulio juu ya shaba hauidhuru. Rangi iliyochorwa ikishaguswa na dawa ya kung'arishia inaondoka na kitambaa, na hizo K na R zako zitakwenda nazo, ubaki na sufuria. Futa vumbi kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, kikavu, basi. Badala ya kusugua, subiri giza, washa tochi ya simu na uimulike ile rangi kwa ubavu, mwanga ukipita karibu kabisa na mzinga. Herufi zilizofutika huacha mabonde madogo ambayo mchana hayaonekani. Mwambie mjukuu apige picha wakati wewe umeshika tochi.

Kiwambo kilichochanika usikitupe hata kama utakivua. Kama ni ngozi ya ndama, huenda ndicho kilichokuwa juu yake tangu mwanzo, na alama za vijiti vilivyoipiga bado zipo hapo katikati, pale palipofifia. Kukifunga cha plastiki si kosa la jinai, lakini fahamu kwamba viwambo vya plastiki vilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitakaa hapo kama kofia ya boda boda juu ya kanzu. Tena plastiki inataka kukazwa kwa nguvu, na kamba kuukuu na masikio ya ngozi yanayozibana hayatastahimili. Kwa sendofu ya binti, azima ngoma ya bendi ya wenzako waliobaki kazini, au ya watu wa matarumbeta. Upige mpaka jasho likutoke. Hii ya kale iweke mezani wageni waione, na umweleze mkwe wako ilikotoka.

Kuhusu kuihifadhi, Dodoma kuna mambo mawili: ukavu na mchwa. Mvua zetu zikikatika mwezi wa nne au wa tano, hewa inakauka mpaka Novemba, na ngozi inajikaza yenyewe bila kuguswa. Ngoma iliyoachwa imekazwa kiangazi ndiyo inayopasuka usiku wa manane, mtu anadhani mwizi. Huenda hata chako kilichanika hivyo. Kwa hiyo legeza kamba, yale masikio ya ngozi yasukume juu mpaka kamba iwe laini mkononi. Usiiweke juu ya kabati karibu na bati, joto la mchana pale linaua. Usiilaze sakafuni wala kuiegemeza ukutani, mchwa wa Nkuhungu unawajua. Ipandishe kwenye meza katikati ya chumba, ifunike kwa shuka la pamba. Na usiipake oili chafu kama nguzo ya uzio, nimeona watu wamefanya hivyo.

Ile hamu yako ya karne ya 19 naiheshimu, sitaki uiache. Ngoma zile zilikuwa sauti ya amri. Kabla ya redio, mpiga ngoma ndiye aliyeamsha kambi, akaita watu kula, akawapanga kwa mwendo, akawarudisha nyuma mambo yalipoharibika. Wengi walikuwa watoto. Zile za vita vya Marekani zina kitundu kimoja ubavuni cha kutolea hewa, mara nyingi kimezungushiwa misumari midogo ya shaba iliyopangwa kama ua, na ukichungulia ndani unaweza kuona karatasi ya fundi imebandikwa upande wa pili. Wakusanyaji wa huko wanaanzia kwenye karatasi hiyo, ndipo wanarudi nje kutazama tai. Tai anaweza kuchorwa jana. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 kuja huku, na chuma kilichopakwa kromu kinachong'aa kama bampa hakikuwepo kabla ya miaka ya 1920. Kitu kimoja kigeni hakimaanishi ngoma yote ni mpya, kwa sababu ngoma zinazofanya kazi hutengenezwa na kutengenezwa tena, nawe unajua ni mara ngapi kikosi chenu kilibadilisha kamba. Lakini kila kitu kigeni ni swali, na muuzaji ndiye wa kulijibu.

Ila kama ningekuwa wewe, nisingekimbilia za mbali. Ningezunguka miji ya reli, Dodoma, Manyoni, Tabora, nikitafuta ngoma za Beni. Ile ngoma ya watu waliokuwa wanaiga gwaride na bendi za wakoloni, iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 ikasambaa na maaskari na makarani, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi na vyeo vya kijeshi walivyojipa wenyewe. Ngoma zao nyingine zilinunuliwa, nyingine walizitengeneza. Hakuna mtu anayezitafuta, wazee waliowaona wanaozicheza wanaondoka, na zikionekana zinauzwa kama vyuma chakavu. Mtu mwenye masikio yako ndiye anayefaa kazi hiyo. Na sehemu kubwa haihitaji pesa, inahitaji daftari: nani alikuwa nayo, alipigaje, wimbo gani ulianza.

Limebaki la mke wako. Mwambie leo, kabla ya kwenda Mpwapwa. Usianze na ngoma, anza na mabati, kwa sababu yeye analowana na mabati, halowani na ngoma. Mwambie: nilichukua laki saba za uani, nikanunua ile ngoma, sikuazimwa. Kisha umwoneshe ile 3,200,000 ambayo hujaitoa, na mabati yanunuliwe kutoka humo kabla ya mvua za Desemba. Atakasirika kwa uongo kuliko kwa pesa, na ana haki, mwache aseme yote. Wanawake tunaolala na mtu anayepiga vidole kwenye ubao wa kitanda huwa tunajua mengi, sidhani kama ile hadithi ya kuazimwa aliiamini.

Halafu usiku mmoja, mkiwa wawili, mwache yeye ashike tochi wakati wewe unageuza ngoma taratibu. Kama kiwambo kimechanika vya kutosha, mulikeni na ndani. Wapiga ngoma wa zamani walikuwa na tabia ya kuandika humo majina yao, namba zao na tarehe kwa kalamu ya risasi. Mkikuta mwandiko wowote usiufute na usiupitishie kalamu juu yake. Unakili kwenye karatasi kama ulivyo, hata kama hausomeki, unitumie.